Kifua Hamsini na Nane

Chumba kilichokuwa ofisi yetu pale Babati siku hizi kinauza vifuniko vya simu. Nilipita mwezi uliopita nikitoka sokoni na samaki wangu wawili, nikasimama mlangoni mpaka muuzaji akaniuliza ni vya simu gani. Nikamwambia naangalia tu. Kweli nilikuwa naangalia, ila si vifuniko. Nilikuwa naangalia ukuta wa kushoto ilipokuwa meza yangu, na dirisha ambalo ukijiinua kidogo kwenye vidole uliona kipande cha ziwa. Sasa wameliziba kwa rafu. Nilipatwa na uchungu nisioutegemea, maana enzi zile nikiwa mle ndani nililalamika kutwa nzima: joto la bati, vumbi la barabarani, honi za bajaji. Leo ningekubali vyote hivyo nirudishiwe wiki moja tu ya kukaa pale.

Nilikuwa mtu wa takwimu wa chama kidogo cha wafugaji. Kilikuwa na nyumba zaidi ya mia moja, kuanzia Nangara hadi Mutuka, na utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mwanachama anapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, anamlea bandani, na akizaa jike la kwanza, ndama huyo anapitishwa kwa jirani anayefuata kwenye foleni. Hakuna anayelipa chochote. Sharti lilikuwa moja tu, kulea vizuri. Kila mwezi mfugaji alimpima mtamba wake mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, akaandika namba kwenye karatasi na kuileta ofisini. Kifua kinakupa makadirio ya uzito, na uzito unakwambia kama ng'ombe anakula au anashinda njaa. Mtamba akionekana dhaifu, kamati ilikuwa na haki ya kumhamishia nyumba nyingine.

Namba hizo nilizishughulikia kwa R. Ni lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu, na jina lake lote ni hiyo herufi moja. Chuoni nilijifunza bila kuipenda, kwa sababu tulichezea vipimo vya maua ya nchi za watu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Nilikuja kuipenda Babati. Hapa zilikuwa namba za ng'ombe ambao wengine niliwajua kwa rangi.

Niliandika fanksheni, ambayo asiyejua mambo haya aichukulie kama mashine ya kusaga: unamimina mahindi juu, chini unatoka unga. Yangu uliimiminia kifua ikakurudishia neno moja kati ya matatu: Mzuri, Wastani, Dhaifu. Kilo ilizikokotoa ndani kwa ndani na hazikutokea kwenye karatasi. Niliziondoa mwenyewe, eti wazee wa kamati wasisumbuliwe na tarakimu. Wakati huo nilijiona nina huruma sana.

Na ilikuwa fanksheni yenye adabu. Nasema adabu kwa maana ile niliyolelewa nayo. Nilizaliwa Nangara, kwa mama ambaye kumuuliza mtu mzima kama ana uhakika lilikuwa kosa la kuchapwa. Mkubwa akisema jambo, unaitikia. Akisema njia ni hii, unaifuata, hata ukiona kabisa inaishia katikati ya mbaazi za watu. Mama alitufundisha hivyo akiwa na nia njema, na watu walitusifu mtaani kwamba ni watoto wasikivu. Basi fanksheni yangu niliilea vivyo hivyo. Ukiipa sifuri, ilikokotoa. Ukiipa namba hasi, ilikokotoa. Ukiiachia nafasi tupu, ilikurudishia nafasi tupu bila kuuliza kulikoni. Siku moja tu iligoma, mtu alipoandika "mia na arobaini" kwa maneno, na hata hapo si mimi niliyeifundisha kugoma. Ni R yenyewe iliyonung'unika kwa Kiingereza kirefu kwamba imepewa kitu kisicho namba. Dada aliyekuwa anaingiza vipimo, tuliyekaa naye meza moja, alinigeuzia skrini.

"Njoo uone," akasema, "kimekasirika."

Tukacheka, nikaandika 140 kwa tarakimu, maisha yakaendelea.

Nisijitetee kwamba sikujua. Chuoni tuliambiwa mpaka tukachoka: fanksheni nzuri hukagua inachopewa kabla haijaanza kazi, na kisipofaa inasimama na kusema wazi ni kwa nini. Niliyaona hayo ni mambo ya watu wenye muda wa kuchezea. Mimi nilikuwa na karatasi mia moja na zaidi juu ya meza, na mwenyekiti anayeuliza kila siku ripoti iko wapi.

Mwenyekiti huyo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka milima ya Mbulu, mzee mnyoofu aliyependa karatasi kuliko chai. Wote tulimwita Mwalimu. Mwezi ninaousimulia, ripoti ilitoka na Dhaifu mmoja tu, na huyo alikuwa mtamba wa mama mmoja mjane wa Mutuka. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi hapa nitamwita mama wa Mutuka. Mwalimu aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

"Binti yangu, kesho tunakwenda Mutuka," akasema. "Na wewe utakuja. Karatasi ni yako."

Tulikwenda asubuhi: Mwalimu, wajumbe wawili wa kamati, na mimi nyuma yao. Mlima Kwaraa ulikuwa bado na ukungu kichwani. Mama wa Mutuka tulimkuta barazani kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, na alipotuona aliinuka upesi na uso wote ukicheka. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba ndefu ya furaha, akawapa wazee viti, akaweka chai jikoni. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Nilitambua kwamba anadhani tumekuja kumpongeza.

Mwalimu alipoomba kumwona ng'ombe, alimtoa bandani mwenyewe. Naweza kumchora mtamba yule hata leo. Alikuwa wa kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na mgongo wake ulikuwa umejaa kiasi kwamba huwezi kuhesabu hata ubavu mmoja. Manyoya yaling'aa. Alikuwa anatafuna kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa. Moyo wangu ulishtuka pale pale. Nilijua, nasema nilijua, kwamba yule siye ng'ombe aliyeandikwa kwenye karatasi yangu.

Mwalimu akaikunjua.

"Mama, tumekuja kwa jambo zito kidogo. Vipimo vya mwezi huu vinasema mtamba wako ni dhaifu."

Mama wa Mutuka alimtazama ng'ombe, akamtazama Mwalimu. "Mimi naona anakula vizuri, Mwalimu."

"Hata sisi tunaona anakula. Lakini sisi tunaona kwa macho. Kompyuta imeona kwa namba."

Wajumbe waliangalia chini. Nadhani na wao walimwona yule ng'ombe kama nilivyomwona, lakini mwenyekiti alikuwa anasema, na mjumbe gani angemkatiza mwalimu aliyemfundisha kusoma? Na mimi, mwenye karatasi, mwenye fanksheni, mdogo kuliko wote pale uwanjani, ningeanzia wapi? Nilikaza macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilijiambia nitaangalia ofisini, kimyakimya, kisha nitamweleza Mwalimu tukiwa wawili tu, bila kumwaibisha mbele za watu. Nilijipongeza hata kwa busara hiyo. Nikikumbuka, nakasirika mpaka leo.

"Basi kama kompyuta imesema," mama wa Mutuka akasema polepole, "labda macho yangu yamemzoea."

Akafungua kamba mwenyewe. Akaleta na mzigo wa majani aliyokata alfajiri ili ng'ombe ale njiani, akatuelekeza kwamba maji ya baridi sana hayapendi, wamwekee juani kwanza. Kisha akatuletea chai, na tukainywa, kwa sababu kuondoka bila kunywa kungekuwa matusi. Nilikunywa chai ya yule mama kikombe kizima huku ng'ombe wake amefungwa mtini anasubiri kuondoka na sisi. Ilikuwa na tangawizi.

Nyumba iliyokuwa inafuata kwenye foleni haikuwa mbali, mwendo wa nusu saa hivi. Mtamba aligoma mara tatu na kugeuka nyuma. Mjumbe mmoja alisema hiyo ni kawaida, ng'ombe huzoea banda.

Ofisini sikuvua hata viatu. Nilifungua faili nikatafuta mstari wake. Mwezi uliotangulia, kifua 139. Mwezi huu, 58. Nikaitoa ile kilo niliyokuwa nimeificha kwa huruma zangu: ishirini na kitu. Huo ni uzito wa mbuzi. Fanksheni yangu ilipewa ng'ombe wa uzito wa mbuzi, ikaitikia, ikaandika Dhaifu, ikaendelea na mstari unaofuata. Dada wa meza yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nilichukua bodaboda peke yangu hadi Mutuka. Mama wa Mutuka alinipokea vilevile, kwa chai ileile, na nilishindwa kumtazama usoni. Nilimwomba anionyeshe futikamba tuliyompa ya kupimia ng'ombe. Akafunika mdomo kwa kanga, akacheka kwa aibu.

"Mwanangu, ile futi ililiwa na ng'ombe mwenyewe. Niliisahau kwenye ukingo wa hori. Niliona haya kuja kuwaambia. Nikatumia yangu ya kazi."

"Ulimpimaje, mama?"

"Si kama ninavyopima watu?" Aliivuta futikamba iliyoning'inia shingoni mwake, akanizungushia kifuani kabla sijasema kitu, akabana kwa kidole gumba. "Kama wewe hapa, kifua thelathini na nne. Yeye hamsini na nane. Na amenenepa, mwezi huu!"

Inchi. Fundi cherehani gani wa Babati alishawahi kumpima mtu kifua kwa sentimita? Tangu nikiwa mtoto napimwa sare, kifua ni inchi, kiuno ni inchi, na urefu wa sketi ni inchi. Ile futikamba yetu ilikuwa na sentimita tu, kwa hiyo alikuwa anasoma kilichoandikwa. Alipobaki na yake, mikono ilifanya ilichofanya miaka yote. Inchi hamsini na nane ni sentimita mia moja arobaini na saba. Mtamba alikuwa ameongezeka sentimita nane kwa mwezi mmoja. Katika nyumba zote zaidi ya mia moja, mwezi ule hakuna aliyelea vizuri kama yeye, na tulimnyang'anya.

Nilimweleza hapo hapo, kwa kigugumizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja futikamba yake taratibu.

"Sasa atarudi?" akauliza.

Nikasema atarudi. Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo.

Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua sauti. Aliweka gunzi chini.

"Kwa hiyo hiyo fanksheni yako haikuuliza?"

"Haikuuliza, Mwalimu."

"Mwanafunzi wa darasa la nne akiniandikia kwamba ng'ombe ana kilo ishirini, namrudishia daftari. Simpi alama kwanza ndipo nifikiri." Akajipangusa mikono. "Na mimi nilimwona yule ng'ombe kwa macho yangu mawili. Kamati itakaa Jumamosi. Peke yangu siwezi kumrudisha."

Zilikuwa siku tano mpaka Jumamosi. Siku hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi nikipita kwenye chumba kile, na ajabu ni kwamba nazikumbuka kwa upendo, ingawa nilikuwa nimejaa hofu. Niliifungua fanksheni yangu nikaanza kuifundisha kuuliza. Nilianza kwa papara, nikaweka mpaka kwanza: kifua kisipungue sentimita tisini wala kuzidi mia mbili na ishirini. Nikaijaribu kwa 140, namba halali kabisa, ikaikataa kwamba ni ndogo kuliko tisini. Nilikaa na jambo hilo nusu siku nikidhani nimerogwa. Kumbe ile 140 ilikuwa imeingia kama maandishi, siyo namba, na R ikilinganisha maandishi hufuata mpangilio wa kamusi: kinachoanza na moja kinatangulia kinachoanza na tisa. Nililazimika kupanga maswali upya. Kwanza, je, hiki ni namba? Pili, ni kimoja, au mtu ameandika viwili? Tatu, kipo, au ni nafasi tupu? Hapo ndipo unaweza kuuliza kama kiko ndani ya mpaka. Mwisho nikaongeza swali la kwangu: kinatofautianaje na cha mwezi uliopita? Yote niliyaweka juu kabisa, mlangoni, kabla ya hesabu yoyote.

Kisha ukaja ujumbe. R ina neno stop, la kuisimamisha kazi na kusema sababu, na sababu unaiandika mwenyewe kwa lugha unayotaka. Wa kwanza niliandika kwa hasira zangu: KOSA, KIPIMO BATILI. Dada wa meza yangu aliusoma akanigeukia.

"Huyu ni askari?"

"Ni ujumbe tu."

"Mimi nikisomewa hivi nafunga kompyuta naenda nyumbani. Na sijui hata nikosoe nini."

Alikuwa na haki. Tukauandika pamoja, tukibishana neno kwa neno mpaka chai ikapoa. Alitaka uanze na shikamoo. Nikakataa, nikasema kompyuta haina umri. Tukakubaliana uanze na samahani. Ukawa hivi: Samahani, kipimo ulichoandika ni 58. Tunategemea sentimita 90 hadi 220. Je, mfugaji amepima kwa inchi? Tafadhali mwulize kabla ya kuendelea. Tuliingiza 58 makusudi, mara nne tano, ili tuuone ukitokea. Kila ulipotokea dada alipiga makofi, nami nilicheka. Dirishani kipande changu cha ziwa kilikuwa kinameta, na nje watu walikuwa wanagombea siti za basi la Arusha. Sijawahi tena kufanya kazi na mtu namna ile.

Jumamosi kamati ilikaa. Nilisimama mbele yao, wazee kwa wamama, nikasema kosa ni langu, siyo la kompyuta na siyo la mama wa Mutuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuwaambia watu wazima wengi kwa mpigo kwamba walichokiamini si kweli. Wale waliokuwa wamempokea mtamba walisema hawana kinyongo, watangoja zamu yao, ila walikuwa wameshaanza kumpenda. Mwalimu akagonga meza, akatangaza kwamba kamati imeamua ng'ombe arudi siku ile ile, na kwamba atakayemrudisha ni mimi.

Nilimswaga mwenyewe, na mjumbe mmoja akinisaidia. Safari ya kurudi hakugoma hata mara moja. Mwisho mwisho ni yeye aliyekuwa ananivuta. Mama wa Mutuka alikuwa amesimama njiani mbali na nyumba yake, sijui tangu saa ngapi. Hakupiga vigelegele wala hakulia. Alimpitishia ng'ombe mkono shingoni, mgongoni, na ubavuni, taratibu, sehemu kwa sehemu. Mjumbe aliaga akaondoka. Tukabaki mimi na yeye, na swali lililokuwa linanikera tangu wiki iliyopita likanitoka.

"Mama, ulimwona kwa macho yako kwamba amenenepa. Kwa nini hukukataa?"

Aliendelea kumpapasa ng'ombe.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Wale wazee nilijua wanasoma tu walichopewa. Nikasema, huyu binti ndiye aliyeandika, na sasa ng'ombe anamwona mbele yake. Kama kuna kosa, atasema. Nikangoja. Ukainamisha kichwa, nikafungua kamba."

Hakuyasema kwa hasira. Angeyasema kwa hasira ningepata pa kujitetea.